Mbuzi wa Kufungulia Zizi

Mwanangu Bhoke,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua: umenuna tangu juzi. Sasa hivi wewe na mama yako mko kwa mjomba wako mnaaga, na mimi nimeachiwa kazi ya kulinda kuku na mabegi. Nimeona nitumie nafasi hii kabla giza halijaingia, maana macho yangu na taa ya sola hayapatani siku hizi.

Mambo ya safari sitayagusa. Chandarua, dawa za malaria, kutomwachia mtu usiyemjua mkoba wako, yote hayo mama yako ameyasema tangu Jumapili, na kesho alfajiri atayarudia mpaka basi la Musoma liondoke Mugumu. Tunduru ni mbali, atakuwa na haki ya kurudia. Mimi nina jambo moja tu. Barua hii nitaiweka ndani ya faili la vyeti vyako, kwa sababu nakujua: huwezi kukaa kwenye kiti cha gari bila kulifungua hilo faili na kuhakikisha kwamba kila karatasi imo. Uisome kabla hujafika Mwanza. Mwanza ndipo uliposema utamalizana na wale watu wa mkopo.

Juzi ulinikuta natengeneza nira. Ulikuja na simu mkononi, unacheka peke yako.

"Tata, Mungu ni mwema," ulisema. "Nimepata mkopo wa watumishi wapya. Nikifika tu nanunua kitanda na jiko, silali chini kama wenzangu. Wanataka hela kidogo ya kufungua faili, halafu wanaingiza zote. Kesho tumpeleke yule mbuzi mweupe mnadani."

"Mbuzi yule hauzwi," nikasema.

"Kwani ana kazi gani?"

"Ana kazi yake. Na hao watu huwajui."

"Wao wananijua, tata. Wamenitajia majina yangu yote matatu na shule niliyopangiwa. Wewe mambo ya simu huyajui." Kisha ukasema kwamba hata bila mbuzi utapata, rafiki yako wa Mwanza atakuazima hiyo hela ya faili, na ukaingia ndani.

Mimi nikaendelea kugongea nira. Jibu nilikuwa nalo, Bhoke. Jibu ni kwamba mambo hayo ya simu nayajua kukuzidi, na niliyajua kwa kutumia ng'ombe wako. Mabaka hakufa kwa ule ugonjwa wa ndigana. Nilimuuza.

Nimeandika hayo, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuangalia kuku. Wako wote. Nimerudi.

Mabaka unamkumbuka kuliko mimi. Bibi yako wa Susuni alikupa akiwa ndama, kwa sababu katika wajukuu wake wote ni wewe peke yako uliyekaa naye likizo mbili mfululizo alipovunjika mguu, ukimchotea maji na kumkanda. Baba zako wadogo walilalamika sana siku ile. Walisema mtoto wa kike na ng'ombe wapi na wapi, ng'ombe huja nyumbani kwa sababu ya binti, binti mwenyewe hamiliki. Bibi yako akaweka mkono juu ya mgongo wa yule ndama, akasema: "Huyu ni wa Bhoke. Asiguswe na mwanamume yeyote, hata baba yake." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sauti kubwa kuliko wengine. Sasa naona mama yangu alikuwa ananijua.

Mwaka uliomaliza kidato cha sita ulikwenda JKT, na huku nyuma tembo waliingia shambani. Ulisimuliwa habari hiyo, lakini hukuiona. Shamba la bondeni, lile nililolitegemea kwa ada yako ya chuo cha ualimu, lililala chini kwa asubuhi moja. Nilizunguka nikiokota mabunzi. Nikapiga hesabu za kichwa nikaona haziendi popote. Kwa mjomba wako sikutaka kwenda, maana mjomba wako akikukopesha hela, anakukopesha na maneno yake, na maneno yake hayaishi hata ukishalipa.

Siku hizo ndipo ujumbe ulipoingia kwenye kile kisimu changu cha vitufe. Uliandikwa hongera, nimechaguliwa kupata mkopo wa kilimo na ada, hadi milioni tatu, bila dhamana, ndani ya nusu saa, nipige namba hii. Nilikuwa katikati ya palizi ya shamba lililobaki. Nikaacha jembe, nikapiga.

Akapokea mwanamke. "Shikamoo baba," akasema. "Pole na kazi za shamba." Nikashangaa amejuaje niko shambani. Baadaye sana nilifahamu kwamba nilikuwa nahema kama punda, na ng'ombe alilia nyuma yangu. Hata wewe ungejua. Lakini siku ile niliona nimepata mtu mwenye moyo. Alisema anaitwa Madam Stella, afisa mikopo. Aliniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia habari zako zote, mpaka maksi za mtihani. Akasema, "Hongera baba, huyo binti asikwame kwa sababu ya hela." Hakuuliza nakaa wapi. Hakuuliza nina shamba kiasi gani, wala kama nina zizi, wala jirani yangu ni nani. Mimi nilidhani hiyo ni heshima.

Kisha akasema neno lake: kwanza nilipie fomu ya kufungulia mkopo. Hela ya fomu ilikuwa ndogo, nilikuwa nayo mfukoni.

Hapo nisimame nikueleze kitu, kwa sababu utajiuliza baba yako, mtu anayeweza kuvutana bei ya jogoo kutwa nzima, alikubalije haraka hivyo. Wewe umesoma, labda hujawahi kuona watu wakienda kuomba ng'ombe wa kuwekewa. Zamani mtu asiye na maziwa nyumbani alikwenda kwa mwenye ng'ombe wengi, akaomba apewe mmoja amtunze. Maziwa yanakuwa yake, na akishazalisha vizuri anapewa ndama. Lakini hakwenda mikono mitupu. Alikwenda anavuta mbuzi. Huyo mbuzi alitolewa kabla ya neno lolote, naye anaitwa mbuzi wa kufungulia zizi. Bila mbuzi, mwenye ng'ombe anakukaribisha, anakupa kiti, mnazungumza habari za mvua, unarudi kwako.

Kwa hiyo Madam Stella aliposema nitangulize kitu cha kufungulia, sikushtuka hata kidogo. Nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe hata hawa watu wa mjini wana adabu. Mtu mwingine wa kabila lingine pengine angeuliza, mbona anayeomba ndiye anayetoa? Mimi sikuuliza, maana kwetu ndivyo ilivyo, anayeomba ndiye anayetangulia kutoa.

Nililipa ya fomu. Siku mbili baadaye akapiga mwenyewe, akiwa na furaha kunizidi. Mkopo umepita, jina langu liko juu kabisa, imebaki bima tu. Nikauza gunia la mahindi lililokuwa limebaki ghalani. Baada ya bima, akaunti yangu ikawa imelala, inatakiwa kuamshwa. Nikauza mbuzi wawili. Na kila mara alisema hii ndiyo ya mwisho, baba, na alisema nisimwambie mtu kwa sababu nafasi ni chache na watu wana wivu. Hilo la wivu lilinikaa vizuri, nikamkumbuka mjomba wako. Mama yako alipouliza mbuzi wako wapi nikasema nimewapeleka kwa rafiki yangu wapate dume zuri.

Hela nilikuwa naituma kupitia kwa Mama Gati, yule wakala wa pale senta. Mara ya tatu alishika simu yake akanitazama juu ya miwani.

"Mzee Marwa, huyu unayemtumia ni nani?"

"Ni afisa wa mkopo. Madam Stella."

"Mbona jina linalotokea hapa ni la mwanaume? Na mara ile ya kwanza lilikuwa lingine."

"Ni karani wake."

"Mzee, ofisi gani hiyo inalipwa kwa simu za makarani? Ngoja kwanza, uliza watu."

"Wewe Mama Gati," nikamwambia, "kata makato yako, utume. Nimekuja kutuma, sikuja kuhojiwa."

Watu wawili walikuwa kwenye benchi wanasikia. Kama wasingekuwepo, labda ningengoja. Nakwambia hili kwa sababu nimelifikiria sana: siku ile sikutuma hela kwa sababu ya mkopo, nilituma kwa sababu ya lile benchi.

Kisha ikaja kodi. Madam Stella alisema mkopo wote uko tayari, umekaa mlangoni, serikali tu inataka kodi yake kwanza, na nisipolipa kabla ya Ijumaa kila kitu kinafutwa pamoja na vile nilivyotoa. Hiyo kodi ilikuwa kubwa kuliko vyote vya nyuma. Nikaketi pale zizini. Maksai siwezi kuuza, ndio jembe langu. Ng'ombe wa mama yako ana ndama mchanga. Akabaki Mabaka, mtamba mzuri, mimba yake ya kwanza inaanza kuonekana. Nikajiambia ni kumwazima tu. Mkopo ukiingia Ijumaa, Jumamosi namrudisha, na Bhoke hatajua. Nikajiambia pia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali ni nzuri, mwanangu, lakini inategemea unaitumia siku gani.

Nilimpeleka mnadani Mugumu bila kamba. Alinifuata tu, alikuwa amenizoea. Aliyemnunua ni Mzee Wambura wa ng'ambo ya mto, mzee mwenye fimbo nyeusi ambaye humwoni akicheka. Alimzunguka Mabaka mara mbili, akamshika kiwele.

"Mura," akaniambia, kana kwamba mimi bado kijana, "mtamba kama huyu hauzwi na mwenye akili zake. Kuna msiba nyumbani?"

"Ada ya mtoto," nikasema.

"Basi hiyo ada iwe kweli," akasema, akahesabu hela.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Gati, nikatuma. Safari hii aliandika tu. Nikatoka nje nikampigia Madam Stella. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, nikaambiwa namba haipatikani. Nilidhani ni mtandao. Nikapanda kile kilima cha nyuma ya nyumba ambako mtandao ni mzuri, nikapiga. Siku tatu nilishinda kilimani. Mama yako akaniuliza natafuta nini huko juu, nikamwambia naangalia tembo.

Wiki mbili baadaye akapiga mwanaume, sauti nzito, anasema yeye ni mkubwa wa kitengo cha kuwakamata matapeli, amekuta jina langu kwenye orodha ya waliolizwa, na anaweza kurudisha hela zangu zote nikilipia gharama ya ufuatiliaji. Nilimwambia nimebaki na mke na mbwa, achague. Akakata. Ndiyo siku niliyoelewa mpaka mwisho. Watu walewale, zizi lilelile lisilokuwepo, wanataka mbuzi mwingine.

Wewe ulirudi mwezi uliofuata, umenyolewa, umekonda, unaimba zile nyimbo za mchakamchaka. Hukuingia hata ndani. Ulikimbilia zizini. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema ndigana, nikasema bwana mifugo aliagiza afukiwe, nyama isiliwe. Ukaomba nikuonyeshe alipofukiwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikakupeleka pale nyuma ya migomba, kwenye lile shimo la choo lililotitia mwaka wa mvua nyingi, tulilolifukia. Ulisimama hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Kisha ukageuka, ukanishika mkono, ukasema, "Pole, tata. Najua ulimpenda na wewe."

Kufikia siku ile nilikuwa nimeshaibiwa, nimeshadanganywa, nimeshahojiwa na Mama Gati, na sikuwa nimelia. Hiyo pole yako ndiyo iliyoniliza. Nilikwenda mtoni nikanawa uso. Nimeona aibu mara nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna iliyokaa kama hiyo.

Mama yako alijua tangu siku ya mnada, nadhani hata kabla. Alisema neno moja tu, tena akiwa anapepeta mtama: "Ng'ombe aliyekufa kwa ndigana hatembei na miguu yake mpaka barabarani." Kisha akaendelea kupepeta. Hakukwambia, akaniachia mimi. Imenichukua miaka sita.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ada haikupatikana, ukakaa nyumbani, kisha ukaenda Robanda kufua mashuka ya wageni kule kwenye kambi ya watalii mwaka mzima, ukajilipia mwenyewe kuingia chuoni. Ulipotuma mshahara wa kwanza ulisema tata anunue ndama mwingine. Sikununua. Niliurudisha wote kwenye ada yako, hilo angalau nililifanya sawa. Watu walinisifu kwamba nimelea binti mwenye kujituma. Nilikuwa naitikia.

Miaka yote hii nimekuwa najiuliza nilikosea wapi, maana mbuzi wa kufungulia zizi si jambo baya. Jibu lilinijia siku moja nikiwa nyuma ya plau, ambako majibu mengi hunijia yakiwa yameshachelewa.

Nilipokuwa na umri kama wa kidato cha pili, ingawa shule sikuwepo, babu yako alinichukua twende kuomba ng'ombe kwa mzee mmoja huko Susuni. Tulitoka asubuhi tukiwa na mbuzi. Tulipokaribia boma la yule mzee, babu yako hakuingia. Alipanda kilima kilichokuwa mbele ya lile boma, akakaa juu ya jiwe, akaniambia nimfunge mbuzi tule viazi vyetu. Tukakaa hapo mpaka jua likashuka. Mimi nilikuwa nachoka, nikauliza tunangoja nini. Akasema, "Ng'ombe." Jioni wakaja kutoka malishoni, akawahesabu kwa kidole mmoja mmoja wakiingia zizini. Akamwona mzee mwenyewe akisimama langoni, akawaona wanawe, akamwona na mbwa. Ndipo akaniambia, "Haya, fungua mbuzi, twende."

Mimi nilimkumbuka mbuzi nikasahau kilima. Hilo ndilo kosa langu lote.

Na kuna jambo jingine la siku ile. Tulipofika, yule mzee alimhoji babu yako mpaka chakula kikapoa. Malisho yako yapi? Maji mbali kiasi gani? Nani aliwahi kukuwekea ng'ombe, na walirudi wangapi? Babu yako alitoa jasho. Yule mzee alikuwa na hofu, na ilikuwa haki yake, kwa sababu mali inayotoka ni yake. Anayekopesha kweli ndiye mwenye hofu, Bhoke. Yeye ndiye anayetaka kukuona sura, kitambulisho, mdhamini, mahali unapolala. Madam Stella alisema atanipa milioni tatu na hakuwa na hofu yoyote. Aliyekuwa na hofu nilikuwa mimi, hofu ya kuchelewa.

Sasa hao wa kwako. Unasema wanajua majina yako yote na shule yako. Mwanangu, orodha ya walimu wapya si ilitolewa mtandaoni? Wewe mwenyewe ulinionyesha jina lako kwenye simu, ukakuza herufi ili nione. Uliliona wewe, na kila mwenye simu alikuwa analiona. Mimi jina langu lote walilijua kwa njia rahisi zaidi: ukianza kumtumia mtu hela, jina lake linatokea, hata usipotuma. Kunitaja jina si kunijua.

Baadaye nilirudi kwa Mama Gati kumwomba radhi. Nilingoja siku ambayo benchi lilikuwa tupu. Ana dada yake kwenye chama kimoja cha kuweka na kukopa, akaniambia wao wakiwa na ada ya mkopo wanaikata kwenye hela yenyewe wanayokupa, hawakuombi utangulize kwenye simu ya mtu. Na wanakutaka ofisini. Kwa hiyo ukitaka kuwajaribu hao wako, waambie wakate hela yao ya faili humo humo ndani ya mkopo. Kama mkopo upo, wana tabu gani? Usikilize watakavyojibu. Mimi naweza kukuandikia jibu lao hapa hapa, lakini nakuachia ulisikie mwenyewe: litaanza na neno "mfumo."

Na kama umeshatuma, maana nakujua, ukinuna unafanya mambo haraka, usitume ya pili kuifuata ya kwanza. Nipigie. Sitakuuliza kwa nini. Kisha nenda polisi, useme mbele ya watu kwamba umetapeliwa. Mimi sikwenda. Niliona ni heri kupoteza ng'ombe kuliko kuonekana mjinga pale kaunta, na kwa kunyamaza kwangu najua Madam Stella alimpata mwingine wiki ileile kwa maneno yaleyale. Kitanda kitapatikana. Lala kwenye mkeka mwezi mmoja, hata hapa kwetu hukuzaliwa juu ya godoro.

Nimebakiza jambo la mbuzi mweupe. Uliuliza ana kazi gani, nikakujibu vibaya.

Mabaka yuko hai. Yuko kwa Mzee Wambura, ng'ambo ya mto, amezaa mara tano, na amenenepa mpaka pembe zinaonekana ndogo. Miaka minne iliyopita nilikwenda kwa yule mzee nikamweleza kila kitu, bila kuficha benchi wala shimo la choo. Hakucheka, kama kawaida yake. Tukakubaliana nimlimie kwa maksai wangu kila msimu, bila hela, na kwa kazi hiyo atanipa mtamba mmoja wa Mabaka. Ile misimu minne mama yako alipokuwa akilalamika kwamba nalimia watu ng'ambo na shamba letu linachelewa, nilikuwa huko. Mwezi uliopita nimemaliza. Mtamba ni wa pili kuzaliwa, ana mabaka yaleyale, hata lile la shingoni.

Nilitaka kumchukua siku ileile nikuletee kabla hujaondoka. Mzee Wambura akakataa. Alisema, "Zizi nitalifungua kwa mbuzi, kama ilivyo desturi. Lakini mwenye ng'ombe ajue kwanza ng'ombe wake alikuwa wapi. Sitoi mnyama kwenye uongo." Nikampinga, nikamwambia wewe mzee unajua kunitesa. Akasema ndiyo. Ndiyo maana mbuzi amefungwa hapa nyumbani mwezi mzima anakula majani ya bure, na ndiyo maana hakuuzwa juzi.

Sasa umejua. Mtamba atakuwa wako kama mama yake alivyokuwa wako, na safari hii hata mimi nikimpeleka kunywa maji nitakupigia kwanza. Lakini sitampeleka mbuzi mpaka wewe useme. Ukiwa na hasira usiseme kesho, sema siku utakayoweza. Mimi nitangoja, na mbuzi ataendelea kunenepa.

Nawasikia mnarudi, mama yako anacheka huko njiani, nadhani mjomba wako amesema jambo. Nimalizie. Jana jioni, wakati wewe ukipanga nguo na hunisemeshi, sikwenda dukani kama nilivyodanganya. Nilivuka mto, nikapanda kilima kinachotazama boma la Mzee Wambura, nikakaa juu ya jiwe mpaka ng'ombe wakarudi. Niliwahesabu kwa kidole mmoja mmoja wakiingia. Wako yumo.

Baba yako,
Marwa